Shali la Kijivu, Pindo la Kijani

Mwanangu Wakuru,

Kesho asubuhi tutasalimiana pale Makutano, wewe ukiwa umesimama na Bibi yako kando ya barabara, mimi nikiwa dirishani mwa basi la kutoka Musoma, sanduku lako likiwa juu kwenye keria. Nitakusindikiza mpaka Mwanza, na ninajijua: njia nzima nitazungumzia tiketi. Nitakuuliza kama tiketi ya gari moshi iko mfukoni, tukifika Bunda nitakuuliza tena, na stesheni nitakuomba uitoe niione kwa macho yangu. Ndiyo maana naandika leo, jua likiwa bado halijazama na wewe ukiwa Butiama kwa Bibi. Mambo ya ndoo, sabuni na wenzako wa kufuatana nao yako kwenye karatasi ya shule. Humu nataka kuandika juu ya shali.

Umekuwa ukilipita mezani tangu majina yatoke na tukajua umepangiwa Njombe. Ulisema hutalivaa. Hukusema kwa hasira; ungekasirika, ningejua la kujibu. Ulikuwa unachambua dagaa, nami nikaingia na lile sweta la kijivu kutoka sokoni, ukalitazama ukauliza, "Baba, hiyo si kafa Ulaya?" Nikasema ni sufu tupu, litafumuka vizuri, nitakufumia shali la kujifunga asubuhi za huko. Ukasema, "Aliyekufa ndani yake tunamjua?" Nikacheka. Wewe hukucheka. Ukaendelea kutoa mchanga kwenye dagaa, kisha ukasema, "Mimi nina marehemu wangu. Nataka uzi wake."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuma shali ambalo mwenyewe hulitaki. Ofisini wanajua. Karani mwenzangu aliyesoma huko kusini anasema asubuhi majani huwa meupe kwa baridi, maji ya kunawa yanauma mifupa, na msichana wa kutoka ziwani hulia wiki ya kwanza hata kama ana roho ngumu. Alipoona natoa sindano saa ya chakula akasema, "Wakitupunguza kazi, wewe una pa kwenda." Tulicheka wote, kisha kila mmoja akarudi kwenye mafaili yake, kwa sababu ile orodha ya kupunguzwa bado haijatoka na hakuna anayejua nani yumo. Naogopa, Wakuru. Lakini kuogopa kwangu unakujua, umekulia ndani yake.

Nataka ujue uzi huu nimeuchaguaje, maana nilifundishwa na mama yako.

Tulipooana tulikuwa na chumba kimoja mtaa wa Iringo. Mimi nilikuwa nimetoka shule, sijui kitu ila mwandiko mzuri. Perusi alikuwa anafuma: mashali ya kubebea watoto, kofia za kliniki, soksi ambazo mtoto alipoteza moja kabla hajafika nyumbani. Kwa kuwa ofisi yangu ilikuwa karibu na maduka, alinituma uzi. Mara ya kwanza nilileta mwekundu, mwekundu wa kung'aa. Nilijiona mwanamume kweli. Akauchukua, hakuutazama, akauweka shingoni chini ya sikio, akafumba macho.

"Umenunua kwa macho," akasema.

"Si mzuri?"

"Mzuri kwa kuning'iniza ukutani. Weka shingoni mwako. Unakwaruza, ee? Sasa huyo mtoto wa watu ana shingo kama yako?"

Akanieleza kwamba vidole vyake vimeshika jembe na vyangu vimeshika kalamu, havihisi tena, lakini shingo bado ni laini kama ya mtoto. Hivyo uzi wa shali unaujaribu shingoni. Uzi wa kofia unauvuta na kuuachia, uone kama unarudi, maana kofia isiyorudi hufunika macho. Uzi wa soksi ukiwa mlaini mno hautafika mwezi. Rangi unaitoa nje juani, kwa sababu ndani ya duka kila rangi ya bluu ni nyeusi. Na unanunua wa kutosha siku hiyo hiyo, kwa kuwa uzi wa wiki ijayo, hata kama karatasi yake ni ile ile, hautafanana.

Hilo la mwisho likawa mchezo tu miaka ya kukosa ilipokuja. Wewe ulikuwa mdogo. Madukani kulikuwa na rafu na muuza duka tu. Perusi alifuma kwa alichopata: uzi wa pamba, ambao ni mtamu kwa skafu ya kanisani lakini ukilowa unakuwa mzito na haukumbuki umbo lake, na uzi wa nyavu, alioupata kwa wavuvi, akafumia vikapu. Sweta za miaka ile zote zilikuwa na mistari, mkono mmoja wa rangi ya maziwa na mwingine wa udongo. Wageni walidhani ni mtindo wa watu wa Musoma. Ilikuwa ni kuishiwa.

Lakini uzi wa kijani aliupata kabla ya kukosa, na wote ulikuwa wa siku moja. Alijifumia sweta lisilo na mstari hata mmoja. Unalikumbuka. Kijani cha majani ya mpera, shingo ya kukunja, mfuko mmoja upande wa kushoto ambao wewe ulikuwa unaficha karanga.

Sasa nafika pale ambapo mimi na wewe hatujawahi kufika. Ulikuwepo, kwa hiyo sikwambii jambo jipya. Naliandika ili lisiendelee kukaa kati yetu kama mtu wa tatu.

Mama yako alipolazwa, ilianza kama malaria kisha ikashuka kifuani. Wodini hapakuwa na blanketi. Kila mgonjwa alikuja na lake, na aliyelala akaamka bila kitenge hakushangaa. Ulikuwa na miaka saba. Ulisimama mlangoni, ukasema, "Baba, mpelekee mama sweta lake la kijani." Nikakujibu, "Litaibiwa." Nikalikunja, nikaliweka kwenye sanduku la bati, nikatia kufuli, ufunguo nikauweka mfuko wa ndani. Nilikuwa na sababu zote. Mama wa kitanda cha pili alikuwa ameibiwa siku iliyotangulia. Nilijiambia, uzi kama ule haupatikani tena, akipona atauliza liko wapi.

Njiani nikamnunulia shali kwa kijana aliyeuza magendo kwa kificho karibu na stendi. La pinki, nene, linang'aa. Nilikuwa na haraka na naogopa kuonekana, nikaligusa kwa vidole tu.

Perusi akalichukua pale kitandani, akalipeleka chini ya sikio kama kawaida yake. Hata akiwa na homa ile hakuacha. Akafumba macho, akaanza kucheka.

"Baba Wakuru, umeninunulia mfuko wa nailoni."

Alicheka mpaka akakohoa, nami nikacheka naye. Alikuwa anatoka jasho, na lile shali lilikuwa linalishika jasho na kulibandika kwenye ngozi, na juu ya jasho alikuwa anatetemeka. Uzi wa sufu ukilowa bado unatunza joto. Nailoni ikilowa ni kama kuvaa maji. Hilo nililijua, alikuwa amenifundisha mwenyewe. Nilipoinuka akasema, "Kesho niletee la kijani." Nikasema, nitaleta.

Kesho yake nililileta. Lilikuwa kwapani mwangu, limekunjwa. Kitanda kilikuwa godoro tupu, na juu ya godoro lile shali la pinki, limekunjwa vizuri na muuguzi. Usiku mzima lilikuwa pale. Hakuna aliyeliiba.

Siwezi kukwambia kwamba sweta lingemponya. Daktari alisema hapana, nilimuuliza mara nyingi mpaka akaanza kunikwepa. Ninachojua ni kwamba alikuwa na baridi na dawa ya baridi nilikuwa nimeifungia. Tangu hapo kila nikitia kufuli kitu, nasikia anacheka.

Tulipomaliza matanga, wakubwa waligawa nguo zake. Sweta likaangukia kwa mdogo wake, mama yako mdogo Bhoke, akaondoka nalo kwenda Mugeta. Nilifurahi kuliona likitoka mlangoni. Wewe ulilifuata kwa macho mpaka kona, nami nikajifanya sijakuona.

Baada ya hapo ndipo sindano za mama yako zilipoanza. Unajua ninachosema. Zilikaa miaka yote kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, hakuna aliyezigusa mpaka nilipoanza shali hili, na jioni, ukiwa jikoni na mimi nikiwa na gazeti, zilikuwa zinasikika kutoka chumbani. Tik, tik, tik. Ulikuwa na miaka minane uliponiuliza, "Baba, unasikia?" Nikasema ni mjusi. Ukauliza tena ulipokuwa darasa la tano. Nikasema mjusi. Mwaka jana hukuuliza, uliinua uso tu ukanitazama, nami nikageuza ukurasa.

Niliogopa kwamba nikikubali, utaogopa. Sasa naona nilikuacha usikilize peke yako, na hilo ni baya kuliko woga.

Basi uliposema unataka uzi wa marehemu wako, nilikwenda kwanza kwa Bibi yako. Unamjua. Alinikuta nimekaa kwenye kigoda nafuma ile sehemu ya kijivu wakati nasubiri uji upoe, akasimama mbele yangu mikono kiunoni.

"Mungu wangu. Nilizaa binti nikamsomesha kama mvulana."

"Mama, ni shali la Wakuru."

"La mke mwenzangu? Basi fuma vizuri, asije akanidharau." Kisha nilipomweleza nataka kwenda Mugeta kuomba sweta la Perusi nilifumue, utani ukamtoka. Akakaa chini. "Usifanye hivyo. Nguo ya marehemu inavaliwa mpaka iishe yenyewe mwilini mwa mtu. Ndivyo tulivyokuwaga tunafanya. Ukiifumua, umemfumua yeye. Atakuwa anatafuta pa kukaa."

Nilimwambia hayo ni mambo ya zamani. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma. Lakini pale Bunda nilipopaswa kubadilisha gari la Mugeta nilisimama nikifikiria kurudi Musoma na kukwambia sikumkuta mama yako mdogo. Ningekudanganya kwa urahisi. Nimezoea mjusi.

Nilikwenda. Niliingia uani kwa mama yako mdogo, na mtu wa kwanza kuniona alikuwa mtoto wake anayeanza kutembea. Alikuwa amevaa kofia ya kijani. Nyuma yake akaja dada yake na soksi za kijani, moja imeshuka. Nikabaki nimesimama. Bhoke akatoka jikoni anafuta mikono.

"Shemeji, karibu. Mbona umekauka kama umeona chatu?"

Nikaonyesha ile kofia kwa kidole.

"Ahaa," akasema. "Umefuata sweta."

"Lilikuwa la Perusi."

"Najua lilikuwa la nani. Nimelala nalo miaka." Akanivutia kiti, yeye akabaki amesimama. "Ulitaka nililinde kama kaburi? Dada mwenyewe alikuwaga anafumua kila kitu. Shali la harusi yake alilifumua akatengeneza kofia tatu, hujui?"

Sikujua. Nilimuuliza kama hakuogopa kulifumua. Akavuta kiti kingine karibu, kwa sababu watoto walikuwa wanasikiliza.

"Niliogopa kabla," akasema. "Lilipokuwa zima, limening'inia pale ukutani, nilikuwa namsikia. Jioni. Sindano zile. Nikimwambia mume wangu, ananiambia kapime malaria. Siku moja mtoto akawa na baridi na mimi sina kitu, nikalishusha nikalifumua huku nalia. Tangu siku hiyo kimya. Nadhani ndicho alichokuwa anataka. Wewe unamsikia bado?"

Wakuru, hilo ndilo swali uliloniuliza ukiwa na miaka minane. Nikamjibu Bhoke: ndiyo.

Akaingia ndani akatoka na kibonge cha uzi, kadiri ya yai la kuku. Kilichobaki. Akanishikisha, kisha akataka kuvua kofia ya mtoto aifumue iongezeke. Mtoto akashika kichwa kwa mikono miwili akapiga kelele. Nikamwambia mwache. Perusi aliyelala na baridi wodini asingemvua mtoto kofia. Nikaondoka na yai langu kwenye mfuko wa shati, na gari lote nililishikilia kama lingeweza kuvunjika.

Sasa hapa nakwambia juu ya huo mwingine, wa kijivu, kwa sababu ndio mwingi na ndio unaouogopa.

Siku niliyolichagua lile sweta, Mama Ghati wa mitumba alikuwa amefungua mzigo mpya. Tangu mizigo iruhusiwe kuingia, pale sokoni kuna sweta nyingi kuliko watu, na Musoma hatuna hata baridi. Nikaanza kuchagua kama Perusi alivyokuwa anachagua nyuzi, ila sasa uzi uko ndani ya nguo ya mtu. Unaligeuza ndani nje kwanza. Likiwa limekatwa na kushonwa kwa mashine pembeni, liache, ukilifumua utapata vipande vya urefu wa kiganja. Unatafuta lililofumwa kila kipande kwa umbo lake na kuunganishwa kwa mshono wa mnyororo, hilo ukipata ncha yake linafunguka lote bila kukatika. Kisha unatafuta vitobo vidogo. Wadudu hawali nailoni, wanajua kuliko sisi. Mama Ghati alipoona naweka pembeni lenye vitobo akawaambia wenzake, "Tazameni karani. Mishahara imefikia hapo."

Nikavuta nyuzi kidogo kwenye pindo, nikatoa kiberiti.

"We! Utanichomea mzigo!"

"Uzi mmoja tu, mama."

"Uzi mmoja ndio unaoanzaga moto. Haya, choma, lakini huko upande wa yule anayeuza suruali."

Nailoni inayeyuka, inajikunja, inaacha shanga ngumu nyeusi. Huu ulinuka nywele zilizoungua, ukawa majivu, nikayasugua yakawa unga. Mama Ghati akanusa, akasema, "Hiyo ni kama mtu." Nami nikashtuka, kwa sababu nilikuwa nawaza hivyo hivyo.

Nilipolileta nyumbani, ukasema ulichosema. Sikulifumua mbele yako. Nililifumua jioni ulipokwenda kwaya, nikauzungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, nikaufunga sehemu kadhaa usichanganyike, nikauosha kwa maji ya uvuguvugu na kuutundika na kopo la maji chini yake uzito uunyooshe, maana uzi uliokaa miaka kwenye umbo moja unajikunja kama hautaki kuondoka. Nikiwa bado nafumua, nilipofika kwenye kiwiko cha kushoto nilikuta kitu ambacho sikukwambia.

Kiwiko kilikuwa kimetoboka, na mtu alikuwa amekifuma upya kwa mkono. Si mashine. Uzi wake ni wa kahawia, hakupata wa kijivu. Alikwenda mshono kwa mshono, taratibu, akafuata safu za sweta mpaka zikakutana, na upande mmoja alikosea, akarudi, akaendelea. Sijui ni nchi gani. Sijui alikuwa mke, au binti, au mzee mwenyewe anayeishi peke yake na miwani. Najua kwamba huko nako kuliwahi kukosekana uzi wa rangi moja. Na mtu alikaa chini kwa ajili ya kiwiko cha mtu mwingine ili baridi isiingie.

Uliuliza kama tunamjua aliyekufa ndani yake. Hatumjui. Lakini nilivyokuwa nafumua kile kiraka nilijiuliza kama huko kwao, kabla halijafungwa kwenye mzigo, sweta hili nalo lilikaa kwenye sanduku lenye kufuli. Uzi ule wa kahawia sikuutupa. Utauona, ni mstari mmoja mwembamba katikati ya shali. Musoma bado tuna mistari.

Nilibaki na yai la kijani, na sikujua pa kuliweka. Mtu kama mimi angeliweka katikati, ndani kabisa, mahali ambapo halitashika msumari wala kuchafuka. Nilianza hivyo. Nilifumua urefu wa hatua nzima ili nimwingize Perusi katikati, salama, pande zote kuna uzi wa watu wengine unaomkinga. Kisha nikaona ninachofanya. Nilikuwa namrudisha sandukuni.

Kwa hiyo leo mchana nimeliweka pindoni. Safu chache tu, ndizo zilizotosha, upande ambao mkono wako utaushika ukijifunga. Pindo huchakaa kwanza, najua. Lakini shali hufumuka kuanzia pale lilipoishia, na hili limeishia kwenye kijani. Ncha ya mwisho sikuifichia ndani. Nimeifunga fundo moja jepesi, iko kwenye pembe, utaiona.

Ukifika Njombe na ukaona huwezi kuvaa nguo ya marehemu usiyemjua, fungua fundo hilo, uvute. Wa kijani utatoka wote, bila kukatwa, na utakuwa na mama yako kiganjani. La kijivu litakalobaki mpe msichana yeyote anayetetemeka. Sitakuuliza. Nakuachia uchague, kwa sababu mara ya kwanza ulichagua vizuri ukiwa na miaka saba na mimi sikukusikiliza.

Ila nakuomba kabla ya hapo uliweke shingoni, chini ya sikio, ufumbe macho.

Kufuli la sanduku utalitia, shule imeagiza, na humo weka vitabu na sabuni. Sanduku ni lile lile la bati, sikuwa na jingine. Shali lisilale humo. Livae, lilalie, libebe darasani, liazimishe. Likiibiwa, limeibiwa, huko gizani kuna mtu atakuwa amepata joto, na mimi nitafuma jingine. Mama Ghati amesema ananiwekea yote yenye vitobo.

Mshono wa mwisho niliumaliza kabla ya kuanza barua hii, na sasa kalamu iko mkono huu na sindano mapajani. Chumba kiko kimya. Nimekaa nikasikiliza, nikizuia pumzi, mpaka taa ya jirani imewashwa. Sijui mama yako amenyamaza kwa sababu Bhoke alisema kweli, au Bibi alisema kweli na yuko njiani anatafuta pa kukaa, au ni kwamba sindano zake zilikuwa mikononi mwangu jioni zote hizi na mimi ndiye niliyekuwa nazigonganisha.

Sindano nimezifunga ndani ya shali. Uende nazo. Huku nitabaki na kopo tupu na mjusi wangu.

Na kama huko bwenini, wenzako wamelala, utasikia tik, tik, tik, usijifunike kichwa. Subiri kidogo. Utasikia anavyonyamaza mwishoni mwa safu, anageuza kazi, anaanza tena. Nilikuwa nasikia hivyo miaka yote, Wakuru, kila jioni, nikiwa nyuma ya gazeti. Mjusi hageuzi safu.

Baba yako,
Musoma